Kodi ya Kaburi

Barua imetoka manispaa ya Lübeck, idara ya makaburi.
Safu ya kumi na nne, kaburi la tisa:
kipindi cha upangaji kimekwisha kwa mara ya pili.
Tafadhali lipia miaka mingine,
au tia alama kisanduku cha chini, tulisawazishe.

Babu, kumbe hata hapo ulikuwa mpangaji.

Wewe, Burchard von Ohsten, baroni tangu tumboni,
uliyezaliwa Kurlandi katika nyumba ya madirisha sitini;
mlinzi wenu wa msitu alipanda farasi siku mbili
kabla hajafika kwenye mpaka wa mtu mwingine.
Walatvia waliowalimia walikubusu mkono wa koti
ungali hujui kufunga vifungo vyake.
Ulinisimulia hilo ukicheka.
Kisha ukaacha kucheka.

Mwaka wa tano wa karne ile wakaichoma.
Piano iliungua ikijipiga yenyewe,
uzi mmoja mmoja, ukianzia ule mwembamba.
Askari wa Tsari wakaja kulipiza kisasi,
wakampiga risasi Miķelis, mwana wa mtunza bustani,
aliyekufundisha kukamata kamba wa mtoni kwa taa.
Huyo ulimtaja mara moja tu, tena kwa Kilatvia,
lugha uliyodai umeisahau.

Halafu vita. Ukapanda farasi kwa ajili ya Tsari
kupigana na watu wanaosali kwa lugha ya mama yako.
Mateka mmoja alikuomba maji; ukamjibu bila tafsiri,
na tangu siku hiyo wenzako
wakawa wanashusha sauti ukiingia hemani.

Jamhuri mpya ikaja na kamba ya kupimia ardhi.
Ikakuachia hekta hamsini na nyumba ya msimamizi.
Ulisema ilikuwa haki.
Bibi alininong'oneza kwamba ulianza kusema hivyo uzeeni.

Vuli ya thelathini na tisa, meli ikawangoja Riga.
"Rudini nyumbani," wakasema wakubwa wa Berlin,
nyumbani ambako kwa miaka mia saba
hakuna wa ukoo wako aliyewahi kuzikwa.
Wakawapa nyumba karibu na Poznań, na funguo zake.
Hapa ndipo ninapokwama, babu, barua mkononi.
Supu ilikuwa ingali vuguvugu mekoni.
Godoro lilikuwa na bonde la mgongo wa mtu.
Chini ya ngazi, viatu vya mtoto,
na ndani ya kimoja jina kwa wino: Halszka.

Mliinywa ile supu?
Nilikuuliza nikiwa na miaka tisa.
Ukaitazama saa ya ukutani
kama mtu ambaye treni yake imechelewa.

Januari ya arobaini na tano zamu ikawa yenu.
Gari la farasi mlangoni, theluji, mizinga kwa mbali,
na bibi amesimama jikoni anaosha vyombo.
"Adelheid, acha."
Hakuacha. Aliosha mpaka kijiko cha mwisho,
akavipanga juu ya kitambaa, akafunga mlango taratibu.

Lübeck: kibanda cha bati, familia nne, blanketi ndiyo ukuta.
Ukapata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye kiwanda cha marzipani,
ukizunguka na tochi kati ya rafu za nguruwe wa sukari.
Koti lako lilinuka lozi hata baada ya kufuliwa.
Siku ya mshahara mwenye kiwanda alikuita Mheshimiwa Baroni,
makarani wakacheka, nawe ukainamisha kichwa
kwa adabu ile ile ya zamani, ukahesabu noti mara mbili.

Na kwenye roshani, sanduku la vitunguu majani.
Ulilipima kwa rula yangu ya shule:
sentimita themanini kwa ishirini.
"Hili," ukasema, "hakuna atakayelitamani."

Jioni nzima fomu imelala mezani.
Pesa ninazo; si suala la pesa.
Kuna mwingine anayesubiri mahali pale,
sijui jina lake, sijui viatu vyake.

Nimetia alama kisanduku cha chini.
Kabla ya kwenda posta,
nimeosha kikombe changu, nikakikausha.